Kuomba Upya Baada ya Watoto Kuondoka Nyumbani

Kanisa lina ibada kwa karibu kila hatua ya maisha ya familia. Mtoto anapozaliwa huombewa, anapokua hufundishwa na kuikiri imani yake mbele ya washarika, anapooa au kuolewa hubarikiwa mbele ya mashahidi, na anayefariki husindikizwa kwa nyimbo na maombi. Hata hivyo sijawahi kumsikia mchungaji akiwaita mbele wazazi ambao kitindamimba wao ameondoka nyumbani juma lile, akawawekea mikono na kuwaombea kwa ajili ya maisha wanayoyaanza. Labda ndiyo maana wengi wetu huufikia wakati huo kimyakimya, tukidhani kwamba kinachotusumbua ni upweke tu, nao utapita tukishapata shughuli. Kwangu mimi, baada ya mtoto wetu wa tatu na wa mwisho kwenda kuanza maisha yake mbali nasi, niligundua kwamba furaha ilikuwa sehemu ndogo ya kile kilichotikisika. Kilichotikisika zaidi ni namna nzima niliyokuwa nimezoea kumwamini Mungu.

Nitaeleza nina maana gani. Nyumbani kwetu sala ya chakula ilikuwa kazi ya watoto, wakipokezana kwa zamu, na wakubwa walipoondoka zamu zote zilimwangukia mdogo wao, ambaye alikuwa na sala yake fupi aliyoikariri tangu utotoni na aliyeisema kwa kasi huku jicho moja likiwa kwenye sahani. Jioni moja, muda mfupi baada ya yeye kuondoka, mimi na mume wangu tuliketi mezani, tukashika vijiko, kisha tukaviweka chini tena na kutazamana. Yeye akasema, "Mama, omba basi." Nami nikamwambia aombe yeye. Tulikuwa Wakristo wa miaka mingi, yeye mzee wa kanisa na mimi mwalimu wa shule ya Jumapili, na kila mmoja wetu alikuwa akimsukumia mwenzake sala ya mistari miwili. Mwishowe aliomba yeye, kwa sauti ya chini, maneno ambayo sikuwahi kuyasikia kinywani mwake, kwa sababu kwa muda mrefu yote tuliyoyasema mbele za Mungu tukiwa pamoja tulikuwa tumeyasema watoto wakisikiliza.

Tangu jioni ile nilianza kuyachunguza mazoea yangu moja baada ya jingine. Kuwahi ibada, kusoma Biblia sebuleni badala ya chumbani, kuimba nikifanya kazi, kusamehe haraka mtu aliponiudhi, hata kuizima redio siku ya Jumapili asubuhi. Mengi ya hayo niliyafanya nikijua kuna macho yanayonitazama na kujifunza. Sisemi kwamba ulikuwa unafiki, wala sitaki mzazi yeyote anayesoma hapa ajilaumu kwa kuwa kielelezo kwa watoto wake, kwa maana Mungu mwenyewe ameagiza hivyo. Lakini nilipolirudia agizo lile katika Kumbukumbu la Torati sura ya 6, niliona utaratibu wake kwa mara ya kwanza. Mstari wa 5 unamwambia mtu ampende Bwana, Mungu wake, kwa moyo wake wote, kwa roho yake yote na kwa nguvu zake zote. Mstari wa 6 unasema maneno hayo yatakuwa katika moyo wake. Ni katika mstari wa 7 tu ndipo watoto wanapotajwa, kwamba afundishe kwa bidii, aketipo nyumbani na atembeapo njiani, alalapo na aondokapo. Mimi nilikuwa nimeishi kwa miaka mingi ndani ya mstari wa 7, na sasa mstari huo ulipokuwa hauna tena wa kufundishwa asubuhi na jioni, nilirudishwa kwenye ule wa 5, ambako hakuna mtoto wala mwenzi, ila mimi na Mungu wangu.

Wapo Wakristo wema watakaokuambia kwamba huzuni ya wakati huu ni upungufu wa imani, kwamba mtu aliyemkabidhi Mungu watoto wake hana sababu ya kulia. Sikubaliani nao hata kidogo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na Maandiko hayauonei haya. Naomi aliporudi Bethlehemu kutoka Moabu, akiwa amefiwa na mume na wana wawili, aliwaambia wanawake wa mji kwamba alitoka hali amejaa, naye Bwana amemrudisha hana kitu. Msiba wake ulikuwa mzito kuliko wangu mara nyingi, kwa maana wanangu wako hai na simu zao zinapatikana, lakini nimefarijika kuona kwamba hakuna mahali katika kitabu cha Ruthu ambapo Naomi anakaripiwa kwa maneno yale. Mungu hakumjibu kwa mahubiri. Alimjibu polepole, kupitia mavuno ya shayiri, jamaa mwaminifu na mtoto aliyezaliwa baadaye, na hasa kupitia Ruthu, mkwe wake, ambaye wakati Naomi akisema hana kitu alikuwa amesimama pale pale kando yake. Mtu mwenye huzuni haoni yote yaliyo kando yake, na Mungu humvumilia mpaka aone.

Kilichonigharimu zaidi kujifunza ni kuomba. Nilipokuwa na watoto nyumbani, maombi yangu kwao yalikuwa na habari kamili. Nilijua mtihani ni siku gani, nani amegombana na rafiki yake, nani ana homa, nani amenificha jambo na jambo lenyewe ni lipi. Nilimwomba Mungu kama mtu anayesoma orodha. Baada ya wao kuondoka, habari zilipungua mpaka zikabaki zile wanazochagua kuniambia, na kwa kawaida mtoto mkubwa humwambia mama yake yale ambayo hayatamnyima usingizi. Basi nikipiga magoti sikuwa na la kusema. Ningeanza jina la kwanza, nikakwama.

Aliyenisaidia hapo ni Ayubu, na si yule Ayubu wa majivu na majipu ambaye sote tunamfahamu, bali Ayubu wa mistari mitano ya kwanza ya kitabu chake, kabla ya mabaya yoyote kumpata. Alikuwa na wana saba na binti watatu. Wana wale walikuwa watu wazima, wenye nyumba zao, nao walifanya karamu kila mmoja kwa siku yake na kuwaalika dada zao. Ayubu hakuwapo kwenye karamu hizo. Hakujua kilichosemwa mezani wala kilichowazwa mioyoni. Lakini siku za karamu zilipokwisha, aliwatuma watu kwao, akaamka asubuhi na mapema na kutoa sadaka za kuteketezwa kwa hesabu yao wote, akisema kwamba yumkini wanawe wametenda dhambi na kumkufuru Mungu mioyoni mwao; na Maandiko yanasema ndivyo alivyofanya siku zote. Neno lile "yumkini" ni la mzazi ambaye hana tena habari kamili. Ayubu hakutuma wapelelezi ili apate uhakika. Aliuchukua wasiwasi wake jinsi ulivyo, akaamka nao mapema, akaupeleka mbele za Mungu anayejua, mtoto mmoja mmoja.

Tangu nilipouona mstari ule, nimeacha kuwaombea wanangu kana kwamba namfahamisha Mungu mambo yao. Nina daftari ambalo kila mtoto ana kurasa zake, na katika kurasa hizo siandiki tena haja zao kwa undani. Naandika aya moja ya Biblia kwa kila mmoja, naiomba kwa juma zima, na akinipigia simu kunieleza jambo naliongeza pembeni kwa penseli. Zipo siku ambazo pembeni hakuna kitu kabisa, nami huomba aya peke yake na kuamka.

Karibu na Ayubu namweka Hana, mama yake Samweli. Wengi hukumbuka machozi yake hekaluni Shilo na nadhiri yake, na jinsi alivyompeleka mtoto akiisha kumwachisha ziwa. Kuna mstari mmoja baadaye, katika 1 Samweli 2:19, ambao mahubiri mengi huupita: mama yake alikuwa akimfanyia kanzu ndogo na kumletea mwaka baada ya mwaka, alipopanda pamoja na mumewe kutoa dhabihu. Fikiria kazi ile. Hana hamwoni mwanawe akikua, hana kipimo cha mabega yake wala urefu wa mikono yake, anakata kitambaa kwa kukisia, akimwongezea kidogo kuliko mwaka uliopita, na anashona akijua kwamba kanzu ikikamilika itavaliwa mahali ambapo yeye hayupo, mbele ya Bwana, katika kazi ambayo mtoto ameitiwa. Upendo wa mzazi haukuishia mlangoni pa hekalu, lakini pia haukumrudisha mtoto nyumbani. Naona hapo mpaka ambao wengi wetu hutuchukua miaka kuupata, kati ya kuendelea kumtunza mtoto aliyeondoka na kuendelea kumtawala.

Tena Mungu akamjalia Hana wana watatu wengine na binti wawili, jambo ambalo sina haja ya kulingoja katika umri wangu.

Siwezi kuandika juu ya jambo hili bila kumtaja Monika, mama yake Agostino, yule aliyekuja kuwa askofu na mwalimu mkubwa wa Kanisa. Agostino alizaliwa mwaka 354 huko Tagaste, Afrika ya Kaskazini, akalelewa na mama aliyemwamini Kristo, na alipokuwa kijana msomi huko Karthago aliiacha imani hiyo na kufuata mafundisho ya Wamani, yaani wafuasi wa mtu aliyeitwa Mani. Mwaka 383, akiwa hajatimiza miaka 30, aliamua kuhamia Roma. Monika alimng'ang'ania ufukweni, ama arudi nyumbani ama amchukue. Agostino alimwambia kwamba anamsindikiza tu rafiki anayengoja upepo mzuri wa kusafiri, akamshawishi mama yake alale katika kanisa dogo la ukumbusho wa Sipriani, askofu aliyeifia imani, lililokuwa karibu na bandari, na usiku ule, mama akiwa katika sala na machozi, merikebu ikang'oa nanga. Asubuhi Monika aliikuta bahari tupu.

Agostino mwenyewe, alipokuja kuyaandika hayo baada ya miaka mingi, alisema kwamba usiku ule Mungu alimnyima mama yake kile alichokuwa akikiomba ili ampe kile alichokuwa akikiomba siku zote. Monika aliomba mwanawe asisafiri. Lakini ilikuwa ni safari hiyo iliyomfikisha Agostino hadi Milano, akakutana na Askofu Ambrosi, akabatizwa naye usiku wa Pasaka mwaka 387. Maneno hayo yameniponya kuliko mawaidha mengi niliyopewa, kwa sababu nami nimewahi kumwomba Mungu azuie safari. Sikujua, wala sijui bado, safari zile zitawafikisha wanangu wapi. Ninachojua ni kwamba sala yangu iliyokataliwa na sala yangu ya siku zote hazina budi kuwa mikononi mwa Mungu yule yule.

Monika alivuka bahari akamfuata mwanawe, akafariki mwaka ule ule wa ubatizo, akiwa katika mwaka wa 56 wa umri wake, huko Ostia walipokuwa njiani kurudi Afrika. Kabla ya kuugua alimwambia Agostino kwamba hakuna tena kitu kinachompendeza katika maisha haya, maana tumaini lililomfanya atake kukaa duniani limetimia. Ni maneno mazuri ya mtu aliye tayari kumwona Mungu, lakini sidhani kwamba yanafaa kuwa kanuni kwa kila mzazi, kwa sababu wengi wetu tutaishi miaka mingi baada ya watoto kuondoka, na Mungu hatupi miaka hiyo iwe ya kungoja tu. Mimi navutwa zaidi na jambo jingine ambalo Agostino analisema kwa ufupi juu ya mama yake: kwamba katika siku zile za mwisho, kundi la marafiki wa mwanawe lilipokuwa likiishi pamoja, Monika aliwatunza wote kana kwamba amewazaa wote, na kuwatumikia kana kwamba yeye ni mtoto wao.

Hapo ndipo linapokuja suala la kusudi. Watu wa kanisani wakishajua kwamba huna mtoto nyumbani, huja na nafasi za uongozi mikononi. Kamati ya ujenzi, kwaya ya akina mama, idara ya wageni. Kila mmoja anaamini Mungu amekupa muda kwa ajili ya idara yake. Kisha hutajiwa Abrahamu aliyeondoka Harani akiwa na miaka 75, na Musa aliyesimama mbele ya Farao akiwa na miaka 80, na Kalebu aliyeuomba mlima wake akiwa na miaka 85. Nawapenda wazee hao, ila nina wasiwasi na jinsi wanavyotumiwa. Mwanamke aliyelea watoto kwa zaidi ya miaka ishirini, ambaye huenda bado anawauguza wazazi wake, hahitaji kwanza mlima mwingine. Ningependa atajiwe pia Barzilai wa Gileadi, ambaye alimlisha Mfalme Daudi alipokuwa uhamishoni Mahanaimu, na mfalme alipomwalika Yerusalemu kama shukrani, alikataa kwa adabu kwamba ana miaka 80, hasikii vizuri sauti za waimbaji, na anataka kurudi mjini kwake. Akamtanguliza kijana Kimhamu aende badala yake. Mfalme hakukasirika. Alimbusu na kumbariki. Kukataa kule kulikuwa ni utumishi pia, maana kulimfungulia njia kijana.

Kwa hiyo niliomba nipewe muda, na nikaziacha nafasi zote, nikabaki mshiriki wa kawaida anayeketi katikati ya kanisa. Ilikuwa ngumu kwa mtu aliyezoea kuwa na darasa lake. Katika kuketi huko nilianza kuwaona watu ambao sikuwaona nilipokuwa nakimbizana na wanangu, na mmoja wao alikuwa mama kijana mwenye mtoto mchanga, ambaye kila Jumapili alitoka nje kabla ya mahubiri kuanza na hakurudi. Siku moja nilimfuata. Akaniambia, "Mama, tangu nijifungue sijasoma hata sura moja." Nikamwambia basi tutasoma wote, na tangu hapo huenda kwake kila juma mchana. Tulichagua Injili ya Marko kwa kuwa ni fupi, sura 16 tu. Mimi hupakata mtoto na yeye husoma kwa sauti; mtoto akilia, husimama hapo hapo alipofika, hata kama ni katikati ya mstari, na akishanyonya tunaendelea kutoka neno lile. Kuna juma ambalo yule mwenye kupooza alikaa kitambo akining'inia darini kabla hatujaweza kumfikisha miguuni pa Yesu. Sijawahi kuisikia Injili hiyo ikiingia ndani yangu kama inavyoingia siku hizi, nami sina la kumfundisha zaidi ya kuwapo. Baadaye niliona kwamba ndicho Paulo alichomwandikia Tito katika sura ya pili, wanawake wazee wawatie akili wanawake vijana, kazi ambayo haihitaji cheo wala kamati.

Juu ya ndoa nitasema machache, kwa kuwa si yangu peke yangu. Kauli ya Mwanzo 2:24, kwamba mtu atamwacha baba yake na mama yake na kuambatana na mkewe, ilitamkwa kabla mtoto yeyote hajazaliwa duniani. Kuondoka kwa watoto kulikuwa ndani ya mpango tangu mwanzo, na wawili waliobaki walikuwapo kabla yao. Mimi na mume wangu bado tunajifunza kuomba wawili. Yeye huomba kwa ufupi, mimi kwa urefu, na tumekubaliana kwamba hakuna atakayemrekebisha mwenzake. Kwa rafiki yangu mjane aliyewalea wake peke yake, ukimya ni mkubwa kuliko wetu, nami simpi maneno. Yeye ndiye aliyenionyesha upya Ana binti Fanueli wa Luka sura ya 2, aliyeishi na mume miaka saba tu, kisha akawa mjane hata umri wa miaka 84, na aliyemtambua mtoto Yesu siku ile alipoletwa hekaluni, kwa sababu alikuwa amezoea kuwapo.

Lipo jambo moja ambalo bado halijatulia. Mmoja wa watoto wetu ameacha kwenda kanisani tangu alipoanza kujitegemea. Kwa muda fulani kila simu yangu iliishia kwenye swali lile lile, na nilisikia sauti yake ikipoa kabla sijalimaliza. Sasa siliulizi. Baba wa mfano wa Luka 15 hakumfuata mwanawe katika nchi ya mbali kumhesabia makosa, lakini alimwona angali mbali, na mtu hawezi kumwona anayekuja kwa mbali bila kuwa ameizoea kuitazama njia ile. Namwuliza mwanangu habari za kazi yake, usingizi wake, marafiki zake, na namsikiliza kwa makini kuliko zamani. Kurasa zake katika daftari langu ndizo zilizochakaa zaidi. Juzi alinipigia mwenyewe usiku, akanieleza juu ya mwenzake wa kazini aliyefiwa, kisha akasema, "Mama, muombee." Nikamwomba jina la mtu huyo, nikaliandika pembeni mwa ukurasa wake.

Ikiwa wewe unayesoma una mtoto mmoja tu aliyebaki nyumbani, na unajua kwamba mwaka huu au ujao ataondoka, anza sasa kutenga dakika chache za kumwomba Mungu ambazo hazimhusu mtoto huyo kwa lolote, mwambie mwenzi wako afanye hivyo pamoja nawe kama unaye, na mwende kwa mchungaji wenu mapema mkamwombe awaombee Jumapili ile itakapofika. Sisi hatukuwa na wa kutuombea. Nimeshamwambia mchungaji wa kwetu kwamba mwingine akija kuondokewa, mimi na mume wangu tutasimama naye mbele.